Usiseme "nilikuwa nyumbani tu"

Katika shauri la kugawana mali ya ndoa, hakimu aliponiuliza mchango wangu katika nyumba yetu ni upi, nilijibu, "Mimi nilikuwa mama wa nyumbani tu." Miaka 14 ya ndoa nikaimaliza kwa neno moja: tu.

Hati ya nyumba ilikuwa na jina la mume wangu peke yake, risiti za saruji na mabati pia. Nikaona sina changu. Bahati shauri liliahirishwa, na msaidizi wa kisheria mmoja akaniuliza, "Nyumba ilipokuwa inajengwa, ulikuwa unaamka saa ngapi?"

Saa kumi alfajiri. Nachota maji ya kumwagilia matofali, napikia vibarua, nahesabu mifuko ya saruji isiibiwe, na mtoto yuko mgongoni. Mwenzangu alikuwa mbali kikazi.

Basi huo ndio mchango, dada yangu. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania, ya mwaka 1971, kinataja fedha, mali na kazi. Na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni jasho linalohesabika. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa hiyo usidhani utakatiwa nusu kwa sababu tu mliishi pamoja. Lazima uthibitishe.

Mimi nilimleta fundi. Akaeleza ni nani aliyekuwa anampa hela mkononi, na ni nani aliyemgombeza ukuta ulipopinda. Jirani naye akasimama. Nikapata theluthi.

Usianze na madai ya mali. Mnapitia kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, ndipo mahakamani, na mali hugawanywa baada ya amri ya talaka au ya kutengana. Ila ukisikia nyumba mnayoishi inatafutiwa mnunuzi wakati ndoa ingalipo, usingoje. Kifungu cha 59 cha sheria hiyo kinamkataza mwenzi wako kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa yako, nawe una haki ya kuiwekea zuio, yaani kuandikisha kwamba nawe una maslahi ndani yake. Wahi kwa msajili wa hati.

Picha ya hati piga leo, mkiwa bado mnaelewana. Na namba ya fundi itunze. Ya kwangu ilikuwa imeandikwa nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, na bila kadi ile nisingempata.