Misaada midogo kwa kazi za urithi wa mtaa: anzeni na bajeti (jibu kwa vijana wa Katuba)

Mdogo wangu wa Katuba, umeuliza mambo matatu. Kikundi chenu kinataka kukusanya picha za zamani za familia pamoja na masimulizi ya wazee waliofanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali. Mmesikia kuna wafadhili wanaotoa misaada midogo kwa kazi kama hiyo. Na kuna bwana mmoja anawadai dola 300 awaandikie dosie, yaani karatasi zote za maombi. Nitajibu kwa yale niliyoyaona na kikundi chetu hapa komini ya Kenya, mjini Lubumbashi kama ninyi. Tuliomba pesa ya kurekodi mafundi wa karindula, ile banjo ya hapa kwetu, tukapewa, kisha tukaomba kwa kazi nyingine tukanyimwa.

Nimalize kwanza habari ya yule bwana: msimpe kitu. Mfadhili wa kweli hadai ada ili apokee maombi. Na dosie ikimpendeza atawaandikia maswali, na hapo wa kujibu ni ninyi, bwana yule ameshakula zake. Isitoshe, dosie za kununua zinajulikana toka mbali: zinaanzia Umoja wa Mataifa, zinapitia maendeleo endelevu, na Lubumbashi inatajwa ukurasa wa nne.

Sasa kazi yenyewe. Wengi wakikaa kuandika wanaanza na sura ya umuhimu wa utamaduni wetu. Mimi nasema anzeni na bajeti, kabla hamjaandika hata sentensi moja. Anayesoma maombi yenu ana rundo mezani, na kila dosie inamwambia kwamba urithi ni muhimu. Hilo analijua, ndiyo kazi yake. Asilolijua ni mtafanya nini siku ya Jumatatu, nani atakuwa ameshika nini mkononi, na mwisho wa yote kitakuwepo kitu gani ambacho leo hakipo. Bajeti inawalazimisha mjibu hayo. Maneno matamu hayawalazimishi.

Chukua picha zenu. Tuseme familia 40, kila moja picha 20: hizo ni picha 800. Mtu mmoja mwenye skana, anayeandika pia nani yuko kwenye picha, ilipigwa wapi na studio gani, akifanya 60 kwa siku amejitahidi. Kwa hiyo ni siku 14 za kazi kama umeme upo, na ninyi mnaijua SNEL, kampuni yetu ya umeme, kama ninavyoijua mimi. Wekeni siku 25, au wekeni betri na inveta kwenye bajeti, na mseme kwa nini. Halafu hifadhi: picha ya sentimita 13 kwa 18 ikipigwa skana ya rangi kwa nukta 600 kwa inchi, faili ya TIFF isiyobanwa inafika karibu megabaiti 39. Zidisha kwa 800, unapata kama gigabaiti 31. Diski ya nje ya terabaiti moja inatosha na kubaki. Basi nanyi hamhitaji seva, hamhitaji kompyuta tatu, wala tovuti ya dola 2,000 itakayozimika mwaka wa pili kwa kukosa wa kuilipia. Mnahitaji skana moja, kompyuta moja, diski mbili au tatu zikae nyumba tofauti, na watu wawili wavumilivu. Mkishapiga hesabu hii mezani, nusu ya maombi imejiandika.

Mtaona pia kwamba jumla imekuja chini ya mlivyodhani. Iacheni hapo hapo. Mwito wa maombi ukisema unatoa hadi dola 5,000, kuna dosie nyingi zitakazofika na 4,990, na msomaji anaelewa kwamba bajeti ilitafutiwa matumizi. Mkiomba 3,150 na kila mstari una bei ya dukani, mmeshajitofautisha.

Ufinyu wa mada nao ni vilevile. Sisi hatukuandika kwamba tunataka kuokoa muziki wa Katanga. Tuliandika kwamba tunataka kurekodi hatua zote za kutengeneza karindula moja, kuanzia kuchagua pipa la mafuta, kulainisha na kukaza ngozi ya mbuzi, mpaka kufunga nyuzi nne, kwa mikono ya mafundi ambao bado wanaifanya kazi hiyo. Mtu aliye mbali anaweza kuiona kazi hiyo ikianza na ikiisha. Ombi letu lililokataliwa lilihusu michezo ya jukwaani ya mitaa yote, na jibu lilikuwa fupi: hawakuona ingeishia wapi. Sikuwalaumu.

Kwenu ninyi kuna swali jingine ambalo msomaji mwenye akili ataliuliza: hili halijafanywa? Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimekuwa kikikusanya kumbukumbu za wakaaji wa mji huu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na maonyesho yakafanyika kwenye Makumbusho ya Taifa hapa mjini. Habari za Union Minière, kampuni ya shaba ya wakoloni iliyoanzishwa 1906, za mji uliozaliwa 1910, za wafanyakazi waliopigwa risasi kwenye mgomo wa Desemba 1941, zimeandikwa. Nendeni mkaongee na watu wa chuo kabla ya kuomba, si baadaye. Mkisema kwamba ninyi mnachukua picha zilizobaki ndani ya masanduku ya Katuba, za studio ndogo za mtaani ambazo hazikuingia kwenye makusanyo, hapo mna nafasi yenu. Na barua ya mwalimu mmoja wa chuo inayosema hivyo ina uzito kuliko barua kumi za wakubwa wanaotakia proje mafanikio mema.

Sasa wazee. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo proje nyingi za mji huu zinapokwama na hakuna fomu inayowaonya. Mnakumbuka, au wazazi wenu wanakumbuka, mpango wa kuondoka kwa hiari wa 2003 na 2004, kwa pesa ya Benki ya Dunia, ambapo wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazini. Mpaka leo wengi wao wanaongea habari ya dekonti yao, yaani hesabu ya mwisho ya malipo yao. Basi kijana akifika nyumbani kwa mzee na orodha ya majina, fomu ya kutia sahihi na kalamu, mzee hawazi urithi. Anawaza kwamba hesabu zimefunguliwa tena. Nimeona ua likijaa watu asubuhi kwa sababu habari ilitembea usiku kwamba kuna wanaoandikisha. Kuwarudisha wale wazee nyumbani mikono mitupu ni kazi chungu, na ukiwaacha waondoke na tumaini la uongo hawatakufungulia mlango tena, na haki wanayo.

Kwa hiyo wekeni kwenye bajeti, kama shughuli inayojitegemea, vikao vya kueleza kabla ya kurekodi chochote: viti, maji, vipaza sauti, usafiri wa wazee. Muwepo na mtu wa umri wao, baba mmoja aliyefanya kazi nao, awaambie kwa mdomo wake kwamba hii si habari ya malipo. Orodha msitembee nayo siku ya kwanza. Fomu ya ridhaa isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili chetu cha hapa, na asiyetaka picha yake ionyeshwe hadharani apewe nafasi ya kusema hivyo na bado akubali ipigwe skana kwa ajili ya familia yake. Mfadhili akikuta mstari huu na sababu yake, atajua mnaishi kule mnakosema mnaishi.

Je, mzee alipwe kwa kusimulia? Wafadhili wengine hawapendi neno malipo. Lakini kwenda kwa mkubwa na mikono mitupu, ukamkalisha nusu siku, si adabu. Sisi tuliandika chai, sukari na usafiri wa msimuliaji, kiasi kilekile kwa kila mtu, na tukakitaja wazi. Hakuna aliyetuuliza.

Risiti ndizo zitawatesa. Mama wa soko la Kenya hatoi fakitire, dereva wa teksi-basi ndiyo kabisa. Chapeni kitabu kidogo cha hati za malipo: tarehe, jina, kilichonunuliwa, kiasi, sahihi au dole gumba. Kabla ya kutia sahihi mkataba, muulizeni mfadhili kwa maandishi kama anazikubali, na jibu lake mlitunze. Kwenye kila hati muandike kiwango cha ubadilishaji cha siku ile, maana mtatumia franga na ripoti itadai dola au pauni. Kumbukeni pia kwamba pesa ikitumwa toka ng'ambo benki za katikati zinakata njiani, na kiasi kinachofika si kile kilichotumwa. Tena mara nyingi sehemu ya mwisho inatolewa baada ya ripoti kupokelewa. Pangeni shughuli za gharama kubwa mwanzoni, za mwisho ziwe zile zinazoweza kusubiri.

Karatasi za kisheria nitapita haraka. Sheria ya mashirika yasiyo ya faida ni ile namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001: wanachama wasiopungua saba, kanuni zilizothibitishwa kwa mthibitishaji wa hati (notaire), na utu wa kisheria unaotolewa na Waziri wa Sheria, huko Kinshasa. Wakati mnasubiri, ile F92, hati inayoonyesha kwamba maombi yenu ya usajili yamepokelewa, ndiyo watu wanayoonyesha. Kama hamna hata hiyo, msianze kukimbizana nayo kwa ajili ya mwito mmoja. Tafuteni shirika lililosajiliwa liwapokee, na muandikiane ukurasa mmoja: nani anashika pesa, sahihi mbili za nani ziko benki, nakala za picha ni za nani. Akaunti iwe ya shirika, ya mtu binafsi itakataliwa. Na kama karatasi za shirika hilo ni za kabla ya 2015 zitasema Katanga badala ya Haut-Katanga. Ambatisheni maelezo mafupi, kwa sababu mtu wa London hajui kwamba jimbo liligawanywa.

Wapi kuomba? Kwa nyaraka na picha za kale zilizo hatarini kuna mpango wa Endangered Archives wa British Library, unaoendelea tangu 2004. Mimi naupenda kwa jambo moja: picha na nyaraka zenyewe hazitoki nchini, nakala zinapigwa huku huku. Lakini unaangalia zaidi vitu vya kale, kwa hiyo picha za harusi za 1978 huenda zisipite. Kwa ujuzi wa kutengeneza na kutumia vitu, British Museum ina mpango wake wa Endangered Material Knowledge. Fundi wa karindula au mfua shaba anakaa vizuri hapo. Mfuko wa UNESCO wa urithi usioshikika (ngoma, masimulizi, ujuzi wa mikono), chini ya mkataba wa 2003, unapokea maombi kupitia Serikali, na yale yasiyozidi dola 100,000 yanaamuliwa na ofisi (Bureau) ya Kamati ya mkataba huo. Rumba ya Kongo iliingia kwenye orodha yao 2021 na wengi tangu hapo wanaota mfuko huo. Kikundi cha mtaa kisianzie huko.

Vituo vya sanaa vya hapa, kama vile viwili vinavyoitwa Picha na Waza, msivihesabu kama mfuko wa pesa. Nendeni mkaombe ukumbi, ushauri, kuazima kifaa. Msaada wa namna hiyo uandikeni kwenye bajeti kama mchango wenu, kwa thamani yake, sambamba na siku za kujitolea za wanachama. Mfadhili anapoona mmeshaanza bila yeye, hata kwa familia tano tu na simu ya mkononi, anasoma kwa jicho lingine. Hizo familia tano zifanyeni mwezi huu.

Kuhusu lugha: muandike kwanza kwa Kiswahili, kikundi kizima mezani, mpaka mama aliye nyuma kabisa akubali kwamba ndivyo mtakavyofanya. Ndipo anayejua Kifaransa au Kiingereza aanze kazi yake.

Picha ya kwanza kurudi iwe ya familia. Karatasi, iliyochapwa, si faili kwenye WhatsApp. Wekeni gharama ya kuchapa, hata picha mbili kwa kila nyumba, na muitaje kwenye ratiba kabla ya maonyesho yoyote ya hadhara.

Fomu yetu ya ridhaa ninayo kwa Kiswahili, pamoja na ile hati ya malipo. Nitaziweka hapa chini kesho umeme ukirudi. Ninyi leteni bajeti yenu, bila utangulizi wowote, tuipitie mstari kwa mstari.