Gobore: darubini au tundu la kuchungulia?

Ndugu, umesema macho yameanza kuchoka na alama ya kulengea ya nyuma ya gobore lako unaiona ukungu, ndiyo maana unataka darubini ya kufunga juu ya bunduki. Kabla hujatoa pesa, soma kanuni za msimu wako wa kuwinda. Jimbo la Colorado, Marekani, kwa mfano, hairuhusu darubini katika msimu wa magobore.

Kama hairuhusiwi, usikate tamaa. Funga kibati chenye tundu karibu na jicho, badala ya ile alama ya nyuma yenye mkato, iliyo katikati ya mtutu. Huhitaji kulitazama tundu lenyewe. Unachungulia tu, jicho linatafuta katikati lenyewe, nawe unashughulika na alama ya mbele na mnyama. Kwa macho yaliyozeeka, mimi ningeanzia hapo hata kama darubini inaruhusiwa. Ila chagua tundu pana, maana alfajiri msituni tundu jembamba ni giza tupu.

Ukichukua darubini, achana na zile za kukuza mara 16. Risasi ya gobore huanguka haraka, na wengi wetu hatupigi mbali zaidi ya mita 100 au 150. Inayoanzia mara 2 au 3 hadi 7 au 9 inatosha sana. Kikubwa ni nafasi kati ya jicho na kioo: tafuta sentimita 9 au zaidi, kwani baruti nyingi husukuma bunduki nyuma kwa nguvu, na nyusi yangu ina kovu la kushuhudia.

Ukishaifunga, rekebisha shabaha kwa baruti na risasi zilezile utakazowindia.