Ukitaka kumjua simba dume, angalia analala na nani

Nina miaka 14 naendesha wageni Serengeti na swali naloulizwa kila safari, tena hata na Watanzania wenzangu wanaokuja na familia zao sikukuu, ni hili: lile dume kubwa liko wapi? Wanataka lile lenye manyoya meusi shingoni, wapige picha, twende kwa chui. Siwalaumu, hata mimi nilianza hivyo. Ila kama unataka kuwafuatilia madume kweli, yaani ujue maisha yao mwaka hadi mwaka, acha kumtafuta dume mmoja. Tafuta analala na nani. Dume ambaye hujui mwenzake ni nani bado humjui.

Majike wanabaki kwao, wanazeeka na mama zao na mama wadogo. Dume hana bahati hiyo, akifika miaka miwili mitatu anafukuzwa, na anaondoka na wale aliokua nao, ndugu wa tumbo moja na watoto wa mama wadogo, maana majike wa kundi moja mara nyingi huzaa kwa kukaribiana na watoto wananyonya kwa yeyote. Hapo inaanza miaka ya kuhangaika, wanawapora fisi mizoga, wanajibanza vichakani mchana, wanapita kwenye maeneo ya wenyewe bila kunguruma. Hilo la kutonguruma lishike. Walioondoka wanne watano wana nafasi nzuri ya kupata eneo na majike, aliyeondoka peke yake inabidi atafute rafiki, na wanapata kweli. Ule mradi wa utafiti wa simba Serengeti, aliouanzisha George Schaller mwaka 1966 na Craig Packer akaupokea 1978, ulipopima vinasaba ulikuta madume wanaotembea wawili au watatu wengi tu sio ndugu, ila kuanzia wanne kwenda juu ni ndugu watupu. Na sababu yake ndo ilinigusa: kwenye kundi kubwa la madume wapo wasiopata mtoto hata mmoja maisha yao yote, wanapigana tu kulinda watoto wa kaka zao, na kaka anakubali kuishi hivyo lakini mtu baki hakubali. Tangu nijue hivyo siwezi kuona madume wanne wamelala chini ya mgunga nikasema tu "simba hao, pigeni picha."

Sasa utawajuaje. Kwenye redio zamani simba tulikuwa tunamwita sharubu ili wageni wasielewe kabla hatujafika, na kumbe jibu lilikuwa humo humo kwenye jina. Usimtambue dume kwa manyoya wala makovu, manyoya yanaota na kunyonyoka na kubadilika rangi, makovu yanapona na mapya yanaongezeka, mimi niliwahi kumwita dume jina lake miezi mitano nzima kumbe ni mwingine. Tazama vidoadoa vyeusi pale sharubu zinapoota. Juu ya mstari wa juu kabisa wa sharubu kuna vidoa vichache vimekaa peke yake, hesabu ni vingapi na kila kimoja kimekaa juu ya nafasi ipi ya mstari huo, kushoto na kulia maana pande mbili hazifanani. Hivyo havibadiliki tangu akiwa mtoto hadi anakufa. Njia hii ilifanyiwa kazi kwa simba wa hifadhi ya Nairobi na Pennycuick na Rudnai wakaichapisha 1970, na mpaka leo hakuna iliyo rahisi kuizidi, simu yenye zoom nzuri na daftari la kaunta buku vinatosha. Pua nayo itakusaidia umri, kijana pua yake ni ya pinki, inaanza madoa meusi, akifika miaka mitano sita ni karibu nusu nyeusi.

Kila ukimkuta andika tarehe, sehemu, yuko na nani, wamelala umbali gani, nani kamfuata nani aliponyanyuka. Hayo mambo mawili ya mwisho watu hawaandiki na ndo yenye uhondo wote.

Kwenye daftari langu wawili niliowafuata muda mrefu kuliko wote niliwaita Pengo na Baunsa, maeneo ya mto Seronera. Kama ni ndugu au la sijui, vidoa havisemi hilo. Asubuhi moja ya kiangazi nikawakuta Pengo ana jeraha paja la nyuma, limefunguka kama mdomo, nzi wamejaa. Baunsa alikuwa anamlamba taratibu, anaacha, anaangalia pembeni, anarudi kulamba. Saa mbili nzima. Kukawa na nyumbu wanavuka mita mia mbili hivi na Baunsa akanyanyuka, akatembea hatua kama thelathini, akageuka kumwangalia mwenzake ambaye alijaribu kusimama akashindwa, basi akarudi akalala tena, mgongo kwa mgongo. Wageni wangu wawili walilia na mimi nilijikaza tu kwa sababu ya kazi.

Watu wengi wanaofuatilia simba mitandaoni wanaokota dume mmoja wanamfanya mfalme. Chukueni Scarface wa Mara, wenzetu wa Kenya walimpenda hadi basi, amekufa Juni 2021 akiwa na miaka kama 14 na hiyo kwa dume wa porini ni umri mkubwa mno. Jicho lile lenye kovu lilimpa jina, ila yeye alikuwa mmoja wa ndugu wanne, pamoja na Morani, Sikio na Hunter, na bila hao watatu sidhani kama kuna mtu angelijua hilo jicho. Kwetu huku Bob Junior naye, aliyepewa jina la Bob Marley, alitamba miaka na mwenzake Tryggve, mpaka Machi 2023 madume vijana wakamuua. Siku ile madereva tulipigiana simu kama tumefiwa, kwa sababu tulifiwa.

Na jiandae kwa linalofuata dume anapoondoka, maana hapo ndo wengi wanakata tamaa wanaacha kufuatilia. Madume wapya wakiingia wanaua watoto wadogo. Jike aliyefiwa watoto anaingia joto mapema na anazaa na hao wapya, wakati mwenye watoto wangemsubiri karibu miaka miwili, na utawala wa dume kwa kawaida ndo huo huo miaka miwili mitatu, hawana muda wa kusubiri. Inauma kuiona, usijilazimishe kuitazama, lakini usiwachukie. Ila ujue dume mmoja akinaswa kwenye waya wa wawinda nyama au akilishwa sumu mpakani na mifugo, haondoki yeye tu. Anayebaki anazidiwa nguvu, eneo linachukuliwa, na watoto wadogo wa lile kundi wengi wanaisha ndani ya muda mfupi. Kwa hiyo ukiona dume ana waya shingoni au mguuni piga simu getini muda huo huo, usiseme utaripoti jioni.

Kingine, usirushe mtandaoni sehemu walipo. Mimi nilirusha mara moja kwenye grupu, madume wamekamata pundamilia, nikaandika mpaka jina la kijito. Nusu saa baadaye magari 23, injini zinawaka, wengine wameacha barabara kabisa wakati hairuhusiwi, Baunsa akaacha nyama akaondoka mdomo una damu mbichi na fisi wakaimaliza. Sijarudia. Picha rusha, ila subiri wiki ipite.

Pengo nilimwona mwisho mwaka jana kabla ya masika. Baada ya hapo Baunsa alinguruma wiki nzima, na mngurumo wa simba unafika hata kilomita nane, ananguruma, ananyamaza, anageuza masikio upande wa mto, anaanza tena. Kisha akaacha kunguruma kabisa. Vijana watatu wameshachukua Seronera na yeye nikamkosa miezi, mpaka mwezi uliopita nikamkuta mbali kusini karibu na miamba ya Moru, amekonda, pua imekuwa nyeusi karibu yote. Hakuwa peke yake. Hatua kama ishirini kutoka kwake alilala dume mwingine, kijana, simjui. Nilizima gari tukakaa nao mpaka jua likawa kali, Baunsa akahamia kivulini na yule kijana baada ya muda akanyanyuka akamfuata, akalala karibu zaidi kidogo kuliko mwanzo. Hakuna aliyenguruma. Nimepata picha ya vidoa vyake upande wa kushoto tu, wa kulia bado.