Mkitaka kuangalia ngumi za zamani kwenye grupu, kila mtu na kadi yake kwanza

Watu wengi wanadhani kuangalia ngumi za zamani kwa pamoja ni mtu mmoja kutupia link kwenye grupu la WhatsApp afu kila mtu anaangalia kwa muda wake, anarudi na emoji tatu za moto. Hiyo haidumu. Baada ya muda grupu linageuka la salamu za Ijumaa na matangazo ya viwanja Kigamboni. La kwetu limedumu miaka kadhaa sasa, watu wako Dar, Tanga, Mombasa, Lubumbashi, Muscat, na mdau mmoja yuko Minnesota ambaye saa tatu usiku yetu yeye ndo kwanza anakula chakula cha mchana, na kitu kilicholishika hilo grupu ni kimoja tu: kila mtu ana kadi yake, yaani karatasi anayoandika pointi zake mwenyewe kama jaji, raundi kwa raundi, kabla hajaona za mwenzake. Mengine yote tumeyabadilisha mara nyingi ila hilo halijaguswa.

Tunavyofanya ni hivi. Admini anabandika link mapema mchana ili mwenye bando dogo apakue kabisa, 360p inatosha, hizi video zenyewe za miaka ya 70 na 80 hata ukiweka 1080p hupati chochote cha ziada. Saa ikifika tunahesabu tatu mbili moja kwenye vois noti na kila mtu anabonyeza kengele ya raundi ya kwanza inapolia. Dakika tatu za raundi hakuna kuandika chochote, hata "duh". Ile dakika moja bondia anapokaa kwenye stuli ndo unatuma namba zako, 10-9 kwa nani (aliyeshinda raundi anapata 10, mwenzake 9), na kama kuna mtu kaenda chini basi mara nyingi ni 10-8. Namba tu. Maelezo yanasubiri mwisho. Mwanzoni watu watalalamika kwamba mnawabana, waacheni walalamike, maana ukiruhusu mtu aandike "Leonard kaiba hii raundi" katikati ya raundi basi watu sita wengine wataiona hivo hivo na hapo hamna tena kadi kumi, mna kadi moja iliyonakiliwa mara kumi.

Na karatasi yako iwe na alama moja ya ziada. Raundi ambayo umempa mtu lakini ungeweza kumpa mwingine bila kujisikia vibaya, iwekee ka-wimbi pembeni. Hiki kitu dada yetu wa Muscat ndo alikileta na kimepunguza ugomvi kuliko sheria zote za admini, maana mwisho wa pambano hamuulizani "nani kashinda", mnaulizana "raundi ngapi zilikuwa na wimbi". Kama una nne zenye wimbi, basi mtu mwenye matokeo tofauti na yako sio kipofu, kaangukia upande mwingine wa raundi nne tu.

Pambano la kujifunzia hili ni la Wamarekani wawili, Marvin Hagler na Sugar Ray Leonard, tarehe 6 Aprili 1987, hoteli ya Caesars Palace, Las Vegas. Ila nawaomba msianze nalo! Hapa ndo makundi mengi yanaharibu, yanachukua pambano lenye jina kubwa yanalirusha peke yake na watu hawaelewi kwanini kila ngumi ilikuwa na uzito ule. Anzeni miaka miwili nyuma, Hagler na Thomas Hearns, 15 Aprili 1985, ukumbi huo huo. Lile halina kazi ya kadi, linaisha raundi ya tatu, dakika 8 na sekunde 1 za mapigano, lakini raundi ya kwanza yake sijui kama kuna nyingine ya kuifananisha nayo, Hearns anavunjika mkono wa kulia humo humo na bado anapiga, Hagler anachanika usoni, raundi ya tatu daktari anaitwa kuangalia jeraha na baada ya hapo Hagler anaona bora amalize kabla hawajamsimamishia pambano. Liangalieni kwa raha tu.

Wiki inayofuata wekeni Hagler na John Mugabi, 10 Machi 1986. Huyu ni wetu, Mganda wa Kampala, "The Beast", medali ya fedha Olimpiki ya Moscow 1980, na mpaka anaingia ulingoni siku ile mapambano yake yote ya kulipwa alikuwa kayamaliza kwa KO, yaani hakuna lililofika kwenye kadi za majaji. Nashangaa vijana wetu wanajua Tyson kafuga chui milia lakini Mugabi hawamjui. Pambano linaenda mpaka raundi ya 11 ndo Hagler anamaliza, lakini angalieni raundi ya sita, na angalieni Hagler anavyokula ngumi ambazo miaka mitatu nyuma asingekula. Leonard alikuwa amekaa pembeni ya ulingo usiku ule, alikuwa kastaafu, na mwenyewe alishasema kwamba kumuona Hagler anahangaika na Mugabi ndo kulimfanya aamini anaweza kumpiga. Kwa hiyo bila yule Mganda huenda tusingekuwa na 1987 kabisa, na mkiliangalia kwa mpangilio huu watu wataingia kwenye la Leonard tayari wana kitu cha kutafuta.

Sasa wiki ya tatu ndo kalamu zinatoka. Waambieni watu mambo mawili tu kabla ya kengele: Leonard alikuwa hajapigana tangu Mei 1984, na upande wake ulipata raundi 12 badala ya 15 na ulingo mkubwa wa kukimbilia, wakati Hagler alichukua pesa nyingi zaidi. Mengine wayaone wenyewe. Wataona Hagler, bondia wa mkono wa kushoto, anaanza pambano kasimama kama wa mkono wa kulia na kuzitupa raundi za mwanzo. Wataona Leonard anavyoamka sekunde 30 za mwisho za raundi na kurusha ngumi nyingi za haraka ili majaji wabaki na picha hiyo. Je hizo ngumi zilikuwa zinafika au zilikuwa zinapiga mikono na mabega? Hilo ndo swali la usiku mzima, na mkiwa na kadi mtalijibu raundi kwa raundi badala ya kupiga kelele.

Majaji wenyewe walitoa 115-113 Hagler, 115-113 Leonard, na 118-110 Leonard. Ukizipiga hesabu, 115-113 ni raundi saba kwa tano, 118-110 ni kumi kwa mbili. Hizo kadi mbili za kwanza watu wataziona kwenye karatasi zao wenyewe, ila ile ya tatu, nimeona grupu zima limenyamaza likijaribu kutafuta raundi nane za tofauti bila kuzipata. Kadi yangu mimi ni saba kwa tano kwa Leonard na sijaibadilisha, mzee wetu wa Tanga ananiambia nimependa sura. Hagler hakupigana tena baada ya usiku ule, mpaka kafariki 2021.

Kuhusu sauti, nyie zimeni tu. Mtangazaji wa TV ana stori yake kichwani, na ukimsikiliza unaangalia stori yake. Jaribuni Julio Cesar Chavez na Meldrick Taylor, 17 Machi 1990, lile ambalo refa Richard Steele alilisimamisha zikiwa zimebaki sekunde 2 raundi ya 12 wakati Taylor anaongoza kwenye kadi mbili kati ya tatu za majaji. Kila mtu anabishana kuhusu zile sekunde 2. Liangalieni toka raundi ya kwanza bila sauti mumtazame Taylor usoni, mtu anayeshinda raundi huku sura yake inabomoka, na mtafika raundi ya 12 mkiwa na maoni tofauti kabisa na ya yule aliyeangalia kipande cha mwisho. Kumbukeni pia majaji wanakaa pande tatu za ulingo na kamera inaona upande mmoja, kwa hiyo ngumi uliyoiona imefika labda kuna jaji aliona mgongo wa refa tu.

Kitu kidogo lakini kinaudhi: video zilizokatwa. Raundi 12 kamili na mapumziko yake ni dakika 47, raundi 15 ni dakika 59. Ukikuta "full fight" ya raundi 12 ina dakika 28 na mziki wa hip hop chini yake, achana nayo. Ila kuna zinazofuta mapumziko tu na kubakiza raundi zote, hizo zinakaa kama dakika 36, zinafaa, mtasimamisha wenyewe kila kengele.

Wajuaji watakuwepo. Yule anayeandika "subirini raundi ya 8 muone" mpeni onyo moja, la pili anatolewa mpaka wiki inayofuata, maana kila wiki kuna kijana ambaye hajawahi kuliona lile pambano na kumharibia ni dhambi. Wazee ni kinyume chake, hao waombeni waongee, lakini baada ya kengele ya mwisho. Tulipoweka Ali na Foreman la Kinshasa, 30 Oktoba 1974, tulikuwa tumeshatanguliza Foreman anavyomwangusha Joe Frazier mara sita Jamaica 1973, ili kila mtu amuogope Foreman kama dunia ilivyomuogopa. Lilipoisha ndo tukampa kinywa mzee wetu wa Lubumbashi. Akaeleza kwanini pambano lilianza kama saa kumi alfajiri, kisa TV ya Marekani, na kwanini Foreman alipotua na mbwa wake wa Kijerumani watu walimchukia hapo hapo, mbwa wa aina ile walikuwa wanawajua toka enzi za polisi wa Wabelgiji. Vois noti yake ilikuwa ndefu kuliko raundi tatu na hakuna aliyeiruka.

Mkimaliza hayo tafuteni Ayub Kalule, Mganda mwingine, na Leonard, Houston, Juni 1981. Kadi mkononi, na matokeo siwaambii.