Kitabu gani kilikutokea puani? Wasomaji wamefunguka

Haya jamani, nilijitakia mwenyewe. Toleo lililopita kuna dada wa Dodoma aliniuliza swali moja dogo tu, nikamjibu kwa mistari mitatu halafu nikajifanya mjanja nikasema na nyie wengine nileteeni vyenu, kitabu gani hukipendi na kwa nini, basi ndo nikawa nimefungulia bomba. Meseji zimeingia mpaka simu ikawa ya moto, wengine wameandika kwa hasira utadhani wanadai hela zao. Nimechagua chache na nyingine nimezikata, maana kuna mtu kaandika kurasa nne za daftari kazipiga picha, mwandiko wenyewe kama wa daktari. Kwa ambao hawakuliona lile swali la kwanza, naanza nalo, na safari hii nalijibu vizuri.

Shangazi shikamoo. Tuna kagrupu ketu ka kusoma vitabu pale kazini, mwezi ule tulisoma Nagona ya Kezilahabi. Wenzangu wote wanasema ni bonge la kitabu, mimi nimekisoma mara mbili sijaambulia kitu, mara kuna mtu anatembea sehemu haina watu mara kina Plato na Marx nao wamo, nikauliza jamani kwani huyu Nagona mwenyewe ni nani, wakaniangalia kama nimeuliza bei ya sadaka. Mimi ni mjinga? (Dodoma)

Marahaba mwanangu. Mjinga hapo sio wewe, kile kitabu kina ujanja wa kuwa kembamba, hakifiki hata kurasa mia, mtu anakishika anajua atakimaliza kwenye daladala kabla hajafika kituoni. Kezilahabi alikitoa 1990 na mwaka uliofuata akatoa Mzingile, ndugu yake huyo, mgumu vilevile. Sasa kumbuka huyu mtu alikuwa ametoka kufanya udaktari wake Wisconsin kule Marekani, alimaliza 1985, na alichoandikia ni falsafa ya Kiafrika na namna watu wanavyofasiri fasihi, kwa hiyo alirudi na hayo yote kwenye begi. Ukiingia mle unatafuta nani kampenda nani utatoka mikono mitupu. Ila na mimi nakwambia ukweli, mara ya kwanza nilikiacha katikati. Tumefundishwa tupige hodi mara tatu, tusipoitikiwa turudi, wewe umepiga mbili, imebaki moja, na hiyo moja sio lazima uipige mwaka huu. Hao waliokuangalia vibaya wewe waulize tu taratibu, haya nyie mnasema Nagona ni nani? Utasikia watu wanakohoa.

Shangazi mimi nachukia Ngoswe. Sio kitabu kibaya, kidato cha tatu nilikipenda sana tu, ila kimeniharibia maisha ukubwani. Mwaka 2022 nilipata ukarani wa sensa, nikapewa kishikwambi na kizibao changu nikaingia mtaani kwa adabu zote. Nyumba ya kwanza tu mzee kaniona akageuka akaita kwa sauti, nyie ingieni ndani, Ngoswe kafika. Mtaa mzima ukadaka. Kuna nyumba niliwekewa kiti uani, mama mwenye nyumba kakaa katikati yangu na binti yake kama refa, kila nikiuliza swali binti anajibiwa na mama yake, hadi umri. (Kahama)

Nimecheka mpaka nimeweka simu chini. Kwa wasioijua, ni tamthilia ya Edwin Semzaba, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, karani anatumwa kijijini kuhesabu watu, anamwona Mazoea binti wa Mzee Mitomingi, kazi inageuka mapenzi, na mwisho wa siku mzee anazitia moto zile karatasi za sensa. Ilitoka 1988, na 1988 ulikuwa mwaka wa sensa vilevile, kwa hiyo wenzio wa mwaka ule nadhani walipata taabu kuliko wewe, maana wao walibeba karatasi na kiberiti kilikuwepo kila nyumba. Wewe angalau ulikuwa na kishikwambi. Kesi yako naitupa lakini, hujachukia kitabu, umechukia mtaa. Na huyo mama refa mimi namwelewa kabisa.

Habari Shangazi. Mimi naandika kutoka Eldoret. Nilifanya KCSE, ule mtihani wetu wa mwisho wa sekondari, na riwaya ya Chozi la Heri na hadi leo nikiona kava yake kichwa kinauma. Wahusika ni wengi sana, tulikuwa tumechora mti wa familia kwa ukuta wa bweni, huyu ni wa nani, yule aliolewa na nani, Umu, Dick, Mwaliko, Sauna, ukifika sura ya katikati kunaletwa wengine. Lakini sio hiyo tu. Mwanzo wa kitabu Ridhaa amesimama kwa nyumba yake imechomwa baada ya uchaguzi. Sisi kwetu tulichomewa. Nilikuwa mdogo, nakumbuka tu harufu na mamangu akitafuta sufuria kwa jivu kwa kijiti. Sasa niko darasani nasoma hiyo sehemu, moyo unapiga, halafu mwalimu anasema haya, tajeni tamathali tatu za usemi katika kifungu hiki, alama sita. Nilikichukia hapo hapo. Kuna makosa?

Hapo kaka sina utani. Nimeisoma meseji yako mara kadhaa na nikampa na mume wangu asome.

La wahusika wengi nakubali, mimi mwenyewe nilikuwa narudi nyuma na kidole, huyu nani tena, na kuna mahali naona Assumpta Matei alitaka kila balaa la nchi liingie kwenye kitabu kimoja, ukimbizi, dawa za kulevya, wizi wa watoto, ndoa za utotoni, ufisadi, basi msomaji anakuwa kama mtu amekaa kwenye baraza la mashitaka kila mmoja anakuja na lake. Lakini ile sehemu ya mwanzo sio ya kulaumiwa. Ile nchi kaiita Wahafidhina ila kila mtu Kenya alijua anazungumza nini, na wewe ulijua kuliko wote humo darasani, pengine na kuliko mwalimu. Hicho ulichokichukia ni lile swali la alama sita. Huku kwetu Tanzania tuna jina la ugonjwa huo, tunaita fani na maudhui, mtoto hajafungua hata kitabu chenyewe anacho kimwongozo kachanika katikati anakariri dhamira, migogoro, msimamo wa mwandishi, falsafa ya mwandishi, muundo ni msago au rejeshi, anaingia kwenye mtihani anamwaga yote anapata A, halafu ukimuuliza ulilia wapi anakushangaa.

Sikwambii ukirudie. Ila kama una ile kopi ya shule bado, angalia kama kile kifungu ulikipigia mstari. Mimi za kwangu nilizozipigia mstari kwa ajili ya mtihani siwezi kuzisoma, macho yanaruka yanaenda kwenye mstari tu.

Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, niko Tanga, hapa hapa kwao Shaaban Robert, kwa hiyo jina langu usilitaje nisije nikakosa wa kunizika. Nimefundisha Adili na Nduguze miaka mingi nikikisifia, leo naomba nitubu. Mtu anaitwa Hasidi, ndugu yake anaitwa Mwivu, halafu tunatakiwa tushangae walipomhusudu ndugu yao Adili? Watoto darasani walikuwa wanaimaliza hadithi kabla sijageuza ukurasa. Mmoja aliniuliza, mwalimu kwani wazazi wao waliwachukia tangu siku ya kuzaliwa? Sikuwa na jibu, nikamtoa nje.

Shikamoo mwalimu. Hapo ungenitoa na mimi nje maana hata mimi nililiuliza hilo swali. Ndo mtindo wake yule mzee, ukienda kwenye kitabu chake kingine, Kusadikika, anayemshitaki Karama anaitwa Majivuno, basi hukumu umeshaijua kabla wakili hajakohoa. Kinachonishangaza ni kwamba mimi majina yale yalinichosha lakini wale manyani hawajawahi kunitoka kichwani. Unakumbuka? Ndugu zake wawili wamegeuzwa manyani na Adili analazimika kila usiku awachape, akishawachapa anawabembeleza na kuwalisha. Nilikisoma nikiwa darasa la sita au la saba, kaka yangu alikuwa amenivunjia redio siku hiyo, nikalala nawaza ningemchapa vipi na chakula gani ningempa. Kwa hiyo toba yako naipokea nusu. Na huyo mtoto uliyemtoa nje natumaini siku hizi ndo anakuja kukusalimia.

Nipo Mbagala. Kitabu nisichokipenda ni Rich Dad Poor Dad. Nilipewa na jamaa wa kazini bure, nikasema huyu mtu ana roho nzuri, kumbe ananiandaa, wiki ya pili ananialika semina ya hotelini ya kuuza virutubisho. Ila kilichoniumiza ni kwenye kitabu chenyewe, kinasema nyumba unayoishi sio mali, ni kitu kinachokutoa hela mfukoni. Mimi nina kiwanja Chamazi nimefika kwenye lenta, miaka sita, tofali moja moja. Nilisoma ile sehemu usiku nikaanza kumwangalia mke wangu kama deni.

Pole, na mkeo pole zaidi. Sikiliza. Kiyosaki katoa kitabu kile 1997 akiwa Marekani, kule mtu akitaka nyumba anaenda benki anakopa analipa miaka thelathini, kila mwezi anakatwa, akikosa kulipa wanamtoa na makochi yake, na wakati huo wote anaringa ana mali. Ugomvi wake ni na hiyo. Wewe benki haikudai, wewe unadaiwa na fundi, na fundi wa Mbagala mnamalizana kwa maneno na elfu ishirini ya kuanzia. Na kodi unayolipa sasa hivi hapo ulipo, hiyo haikutoi hela mfukoni? Endelea kupandisha. Kitabu mrudishie jamaa yako, virutubisho usinunue.

Mimi sipendi riwaya za yule mpelelezi Willy Gamba, mwandishi wake Musiba anisamehe huko aliko. Kila mwanamke akiingia ni mzuri ajabu na dakika mbili tu keshamwelewa Willy. Hivi hakuna hata mmoja mwenye mafua? (Morogoro)

Hakuna. Nimekagua. Ila Njama, mojawapo ya hizo riwaya, niliisoma kwa kibatari mpaka pua ikawa nyeusi ndani, kwa hiyo kwenye hii kesi mimi siwezi kuwa hakimu.

Vitabu vyote vinaboa Shangazi, mimi nasubiri ije muvi. (Mwanza)

Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi imekuwa muvi tangu 2021, hujaitafuta. Itazame, halafu shika kitabu, cha 1999 hicho, uone yule mhusika Yasmini wa kwenye karatasi alivyo, ukirudi hapa bado unasema kinaboa nitakupa nafasi ya ukurasa mzima.

Na sasa hili ambalo watu kama saba mmeniuliza, eti na wewe Shangazi, chako kipi?

Changu ni Rosa Mistika. Ndio, Kezilahabi tena, msinipige. Kilitoka 1971, kikapigwa marufuku mashuleni, baadaye wakageuka kikawa cha kufundishia, hiyo ndo nchi yetu. Mimi kilinifikia kikiwa bado kina sifa mbaya, niliazimwa na rafiki kwa siku mbili, nikakifunika kwa gazeti kama daftari la hesabu. Nilichokichukia sio uchafu waliousema watu, huo niliutafuta sana sikuona wa kutosha. Nilichukia kwamba Rosa anajiua. Nimetembea naye tangu kwao Ukerewe, baba yake Zakaria mlevi anamlea kwa fimbo na hofu, hakuna anayemwambia chochote cha maana kuhusu dunia, halafu anayelipa ni yeye. Na watu wazima waliokuja kukisifia baadaye wote walikitumia kama fimbo nyingine, wasichana angalieni Rosa, angalieni Rosa, wakati ukisoma vizuri unaona mwandishi alikuwa anamnyooshea kidole Zakaria. Hakuna mzazi niliyewahi kumsikia anasema wababa angalieni Zakaria.

Ile siku nakimaliza nilikuwa jikoni, kitabu kipo chini ya mfuniko wa ungo, machozi yananitoka. Mama akaingia akaniuliza nini tena, nikamwambia vitunguu mama. Akaangalia sufuria. Tulikuwa tunapika uji.