Tiketi Isipoonekana, Usikimbilie Kulegeza Kanuni

Wewe unayeanza kusimamia mfumo wa tiketi, yaani rekodi za maombi na hitilafu wanazoripoti watumiaji, lalamiko utakalolisikia sana ni hili: "Tiketi siioni." Kabla hujagusa kanuni yoyote ya ufikiaji, yaani ile inayoamua nani aone au ahariri nini, muulize mlalamikaji vizuri. Haioni kabisa? Anaiona ila sehemu fulani ni tupu? Au anaisoma lakini hawezi kuihariri? Hayo ni matatizo matatu tofauti, na kila moja hutafutwa mahali pake.

Usijaribu kwa akaunti ya msimamizi. Msimamizi huvuka vizuizi vingi, hivyo kwake kila kitu kitaonekana kizima. Ingia kama yule mtumiaji mfumo ukiruhusu, au fungua akaunti ya majaribio yenye majukumu (haki anazopewa mtumiaji mfumoni) na vikundi vilevile. Ukimwongezea jukumu, mwambie atoke na kuingia upya.

Kwenye ServiceNow, mfumo nilioutumia zaidi, kanuni ya ufikiaji hupita pale tu jukumu, sharti na skripti (msimbo mfupi) vinapokubali vyote. Kanuni ya jedwali hukaguliwa kwanza, kisha ya sehemu moja moja ya rekodi, na lazima pande zote mbili ziruhusu. Tena jedwali la tiketi za hitilafu limerithi kutoka jedwali la kazi, kwa hiyo kinachokuzuia huenda kimekaa kwenye jedwali hilo mzazi, ambako hukufungua. Itazame orodha ya tiketi hadi chini. Ukikuta ujumbe kwamba rekodi kadhaa zimeondolewa kwa sababu za usalama, shughulika na kanuni za ufikiaji. Rekodi zikipotea kimya, bila ujumbe wowote, tafuta skripti inayoongeza kichujio kabla ya ombi kufika kwenye hifadhidata. Kutolijua hili kulinigharimu siku mbili nzima.

Niliwahi pia kumpa mtumiaji mmoja jukumu pana ili lalamiko lake liishe upesi. Likaisha. Asubuhi iliyofuata alikuwa na uwezo wa kusoma tiketi za idara ya rasilimali watu, zenye habari za ugonjwa na mishahara ya wenzake. Watu wale walituandikia wakiamini tunawatunzia siri, na hilo linaniuma mpaka leo.

Ndiyo maana sasa kila marekebisho nayajaribu kwa akaunti mbili: ya anayepaswa kuona, na ya asiyepaswa. Ile ya pili siishii kwenye fomu. Nafungua orodha na ripoti pia, kwa sababu sehemu iliyofichwa kwenye fomu peke yake huko hutokea waziwazi.