Mama anaumwa saratani, kaka anasema daktari amsaidie kufa

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Tunaishi Toronto. Mama ana saratani ya kongosho, imeshafika kwenye ini. Anasema amechoka na amekuwa mzigo kwetu. Kaka anasema kudungwa sindano ya kufa ni rehema, sheria ya Kanada inaruhusu, na dharura huhalalisha haramu. Ni kweli?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, binti yangu. Allah ampe mama wepesi.

Haifai. Sheria iliruhusu mwaka 2016, na mwaka 2021 ikapanuliwa hata kwa ambao kifo chao hakijakaribia, lakini serikali haihalalishi alichoharamisha Mola. Amesema: "Wala msijiue. Hakika Mwenyezi Mungu ni Mwenye kukurehemuni" (4:29). Katazo na rehema vimo katika aya moja. Kaka yako anavitenga.

Hoja ya dharura ndiyo iliyonikera, kwa kuwa imevishwa kilemba cha elimu. Mafakihi waliiweka kanuni ile ili nafsi isiangamie: mwenye njaa ya kufa hula nyamafu apate kuishi. Kanuni ya kuokoa roho utaichukuaje ukatolee roho? Tena wamekubaliana kuwa hata anayetishiwa kuuawa haruhusiwi kumuua asiye na hatia. Na Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea swahaba Jundub, ametaja mtu aliyeshindwa kuvumilia jeraha lake, akajikata mkono hadi akafa, Mola akamharamishia pepo. Maumivu yake yalikuwa ya kweli, na hayakuwa udhuru. Hii nimemtajia kaka yako, usimsomee mama kumtisha.

Wala hatumlazimishi mama kuteseka. Morfini inafaa hata ikimlaza usingizi, maadamu kipimo kinafuata maumivu na nia ni kuyatuliza. Dawa za saratani zisizotarajiwa kumfaa ana haki ya kuzikataa. Wanazuoni wengi hawaoni matibabu kuwa wajibu. Ombeni wahudumu wa tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu ya mgonjwa, waje nyumbani. Aswali kwa ishara, na akizidiwa ajumuishe adhuhuri na alasiri.

Kilichoniuma zaidi ni neno hilo "mzigo". Gawaneni zamu za kulala naye, kaka yako akiwamo, asikie kwa vinywa vyenu kuwa hamjamchoka. Mfundisheni dua aliyoipokea swahaba Anas kwa Mtume (s.a.w.): "Ewe Mola, nihuishe maadamu uhai ni kheri kwangu, na nifishe kifo kikiwa kheri kwangu." Haombi kufa hapo, anamwachia Mwenye kujua.

Sheria ya huko inataka ombi litoke kwa mgonjwa mwenyewe, hivyo kaka hawezi kuomba kwa niaba yake. Moyo wa mama ukitulia, amwambie daktari mbele yenu kuwa hataki, na iandikwe kwenye faili lake.